Mlangoni pa Nyumba ya Nani?

Simon Kimbangu wa Kongo alihubiri miezi michache tu mwaka 1921 kabla Wabelgiji hawajamtia mbaroni. Alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Hapa ndipo alipofia kifungoni, tarehe 12 Oktoba 1951. Waliomfunga walikuwa na Biblia ileile aliyoihubiri. Kwenye mji huohuo Wayahudi wenye asili ya kisiwa cha Rhodes walikuwa na sinagogi yao, na tangu 1937 Torati walifundishwa na rabi Moïse Levy.

Je, aliyetengwa kama Kimbangu, akisoma maandiko, huona kilichomo, au hupachika la kwake? Swali hilo leo huulizwa watu waliobadili jinsia, mfano Joy Ladin, mshairi Myahudi wa Marekani, ambaye kitabu chake cha 2018 kinaisoma Torati kutoka mahali hapo alipo.

Mimi naanzia kwenye ardhi. Walawi 25 inakataza ardhi kuuzwa kwa kudumu: mwenyewe ni Mungu, na wanaoikalia ni wageni wake. Kila mwaka wa hamsini shamba linarudi kwa ukoo uliolipoteza. Sheria hiyo ukiisoma Katanga, mkoa wa Lubumbashi, ambako kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilijimilikisha shaba, huhitaji kuongeza neno ili iwe siasa kali. Imemvua mwenye mali umiliki wake.

Sasa mwili. Kumbukumbu la Torati 23 inamfungia towashi nje ya kusanyiko. Isaya 56 inamwita towashi huyohuyo ndani, na kumwahidi katika nyumba ya Mungu jina linalopita kuwa na wana na mabinti. Towashi si mtu aliyebadili jinsia, na kuwafanya kitu kimoja ni kuwakosea wote wawili. Lakini hoja inayowaondoa ni ileile: mwili wako haukufuata mpango. Nabii anaijua hoja hiyo na anaikataa. Hata Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa karibu mwaka 200, inamjadili huntha, mtu mwenye maumbile ya kiume na ya kike: wapi afuate sheria za wanaume, wapi za wanawake. Mmoja wao, Rabi Yose, akamwona kiumbe wa namna yake. Nia ya marabi hao ilikuwa sheria, si kumsifu. Hata hivyo hakuna aliyesema mtu huyo hayupo.

Najua wakoloni nao waliisoma hadithi ya Hamu mwana wa Nuhu, na laana ya utumwa iliyomo, kutoka mahali pao. Ila usomaji ule uliwapa wao nyumba na kuwaachia wengine utumwa, wakati Walawi inamfanya kila mtu mgeni, bawabu akiwemo. Kwa hiyo anayemtoa mtu kanisani au kwenye sinagogi kwa Kumbukumbu la Torati 23, na aeleze kwanza Isaya 56 ameipeleka wapi.