Je, Kumficha Mwenzi Wako Ugonjwa ni Upendo?

Mpendwa msomaji, uwe mume au mke, leo nakuletea swali ambalo wengi wetu hatukuulizwa wakati wa mafundisho ya ndoa: ukiambiwa una ugonjwa mkubwa, je, ni vyema kumficha mwenzi wako ili asiumie?

Katika jumuiya yetu kuna baba mmoja aliyeona damu katika mkojo wake. Kwa kuwa hakusikia maumivu, alidhani ni kichocho, akangoja. Damu iliporudi alikwenda hospitali peke yake, akapimwa, akaambiwa ana saratani ya figo. Kwa miezi mitatu hakumwambia mkewe. Kila siku ya kumwona daktari aliaga kwamba anakwenda kufuatilia hati ya shamba. Mama naye aliona pesa zinapungua na baba watoto amekuwa mkali, akashuku kuna mwanamke mwingine. Siku alipokuta karatasi za hospitali katika mfuko wa koti, alikuja kwangu akilia. "Katekista," alisema, "si saratani inayoniliza. Ni kuona kwamba alinihesabu mgeni nyumbani mwangu."

Nilipozungumza na mumewe alijibu, "Ana presha. Nilitaka kumwepusha." Nami naamini alimpenda kweli. Hata hivyo, tulipime jambo hili pamoja.

Kwanza, ukimya wake haukumwepusha mama na uchungu. Ulimbadilishia tu. Badala ya kuhofia ugonjwa alihofia uzinzi, tena alihofia peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika nyumba hii kilio kilianza mapema, mgonjwa angali anatembea.

Pili, siku ya harusi kila mmoja wenu aliahidi uaminifu hata wakati wa ugonjwa. Ahadi hiyo ataitimizaje mtu asiyejua kwamba mwenzake anaugua? Anayeficha humnyang'anya mwenzi wake nafasi ya kutimiza alichoahidi mbele ya altare.

Tatu, tuangalie kiburi chetu, hasa sisi wanaume. Twapenda kusaidia, lakini twaona haya kusaidiwa. Bwana wetu mwenyewe, njiani kwenda Kalvari, alibebewa msalaba na Simoni wa Kirene. Ikiwa yeye alipokea bega la mwanadamu, wewe ni nani ulikatae bega la mke wako?

Utauliza, "Basi, niitangazie parokia nzima?" Hapana. Mwenzi wako ana haki ya kujua. Wengine watajua kadiri mgonjwa atakavyopenda. Na wewe uliye mzima, usiupeleke ugonjwa wa mwenzio sokoni, wala usiuze ng'ombe bila kumwuliza. Kuugua hakumfanyi mtu mzima kuwa mtoto.

Lakini msibaki wawili tu. Jumuiya Ndogo Ndogo hazikuanzishwa kwa ajili ya rozari na harambee pekee. Mwombeni mmoja akamue ng'ombe siku ya hospitali, mwingine awatazame watoto. Mtafuteni aliyekwisha kupitia saratani, kwa maana yapo maneno ambayo mgonjwa huyasikia kwa mgonjwa mwenzake tu. Mwiteni padre mapema. Tangu mwaka wa 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitukumbusha kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Wala msiogope hospisi, kama ile ya Nairobi iliyoanza mwaka wa 1990. Kazi yake si kuwangojea watu wafe. Hutuliza maumivu na kuwashauri mgonjwa na jamaa zake.

Kwa daktari nendeni pamoja, mkiwa mmeandika maswali yenu, pamoja na lile la malipo. Jueni kwamba damu katika mkojo, hata mara moja na bila maumivu, yafaa kupimwa. Jueni pia kwamba mtu aweza kuishi na figo moja yenye afya, na kwamba saratani hii ikigunduliwa kabla haijaenea, upasuaji waweza kuiponya. Baada ya hapo ni lazima kurudi kupimwa, maana yaweza kujitokeza tena.

Yule baba aliondolewa figo moja. Hofu haijaisha nyumbani mwao, nami sitakudanganya kwamba iliisha. Kila tarehe ya kupimwa ikikaribia, usingizi huwapotea wote wawili. Tofauti ni kwamba sasa wanakesha pamoja, na asubuhi wanapanda matatu moja. Mama aliniambia usiku wa namna hiyo ni mwepesi kuliko ile miezi mitatu.

Jioni ya leo, watoto wakiisha kulala, mwulize mwenzi wako: "Kuna jambo unalolibeba peke yako?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Mungu azibariki ndoa zenu.