Nitafutie Msichana wa Iringa

Hapa Nyololo, mahali ambapo njia ya kwenda Igowole na Mtwango huchepuka kutoka barabara kuu iendayo Zambia, hakuna safari ya siri. Alfajiri za Juni na Julai, ukungu ukiwa umetanda na baridi inauma, utawaona watu wamejikunyata kando ya lami wakisubiri basi la Dar es Salaam. Mara nyingi miongoni mwao yumo msichana aliyejifunga kitenge juu ya sweta, na karibu naye mtu mzima anayemwagiza: "Ukawe na adabu huko uendako." Mwaka 1994 mtu mzima huyo nilikuwa mimi.

Aliyekuwa akiondoka ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alikuwa na miaka 15, amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Ada ya shule ya binafsi hatukuwa nayo. Tulikaa kikao cha ukoo, ulanzi ukiwa katikati yetu, na mimi nikiwa mjomba nikapewa neno la mwisho. Nilisema binti aende akafanye kazi za ndani mjini, ili mdogo wake wa kiume naye atakapomaliza apate ada. Hakuna aliyebisha. Binti mwenyewe aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mjomba." Usiku ule nililala nikijisifu kwamba nimetumia busara.

Na kweli mpango ulifanikiwa. Fedha zilikuja, kijana akasoma, na leo ana kazi ya ofisini huko mjini. Dada yake alirudi, akaolewa, analima mahindi na viazi hapa hapa. Mwezi uliopita yule kijana alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alisema, "Mjomba, mke wangu amejifungua. Nitafutie msichana, lakini awe wa Iringa. Wa huku wana maneno mengi." Kisha akapunguza sauti: "Nasikia mtoto wa dada amemaliza kidato cha nne na hakufaulu. Si angefaa yeye?"

Ndugu msomaji, nilishikwa na bumbuwazi. Nilitaka kumkaripia, lakini nikatambua kwamba alichosema alijifunza kwangu. Hebu basi tuyapime maneno yake moja moja.

Tuanze na hilo la Iringa. Mjini hulitumia bila kujali kama binti ni Mhehe, Mbena au Mkinga, na husema kwamba utii ni asili yetu. Asili gani hiyo? Mwaka 1891 pale Lugalo, jeshi la Mkwawa liliangamiza kikosi cha Wajerumani, na Mkwawa mwenyewe alijiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Siku zile hakuna Mjerumani aliyetuita watiifu. Baadaye ikaja kodi, na pamoja na kodi ikaja haja ya fedha. Watu wa nyanda hizi, hasa Wabena wa Njombe, wakawa manamba katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU. Hapo tukasifiwa kwa uchapakazi. Damu yetu haikubadilika katika miaka hiyo 50. Kilichobadilika ni haja ya yule anayetupa jina.

Tuje kwenye neno msichana. Wakati wa ukoloni, wapishi, wafuaji na wapiga pasi katika nyumba za wakubwa wa mjini walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume, nao waliitwa maboi. Hakuna aliyesema kwamba mkono wa mwanamume haukuumbwa kushika sufuria. Wanaume walipopata kazi nyingine, jiko likaachiwa wasichana, nasi tukasahau upesi na kusema kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyopanga. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Mimi nilikuwa mwalimu, nikalifundisha Azimio hilo darasani, kisha nikarudi nyumbani na kukaa kwenye kiti kusubiri maji ya kunawa.

La tatu ni hali ya mtu, yaani tabaka. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumba ya mwanadiplomasia, na shilingi 40,000 kwa yule anayelala katika nyumba ya mtu wa kawaida. Ufagio ni ule ule na mtoto analia vile vile. Tofauti ya bei haitokani na jasho la mfanyakazi, ila na ukubwa wa bwana wake.

Sasa, mambo haya hurithishwaje? Zamani nilidhani hurithishwa na watu wabaya. La hasha. Huko shuleni nilikofundisha, wasichana walichota maji na kufagia nyumba za walimu, na wavulana walipiga kengele na kuwa viranja. Hakuna aliyeandika hayo kwenye ratiba, wala hayakutungiwa mtihani, lakini ndilo somo pekee ambalo darasa zima lilifaulu. Tulilifundisha kwa upendo na kuliita adabu. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi tumezoea kuwatupia akina mama methali hiyo. Wajomba nao hulea.

Najua atatokea wa kuniuliza: je, mzee, unadharau kazi za ndani? Si fedha hizo zilizomsomesha kijana? Ni kweli zilimsomesha, na kazi yenyewe siidharau. Mwaka 2011 huko Geneva Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, unaotambua kwamba kazi za nyumbani ni kazi kama nyingine, yenye haki ya mapumziko na ujira. Kinachonisumbua ni kwamba tulijua nani atakayeifanya kabla hajazaliwa. Mama aliifanya ili kaka yake asome, na kaka aliyesoma sasa anamtaka binti wa mama yule yule. Kama hiyo ni busara, basi ni busara ya ng'ombe wa kupura, anayezunguka kutwa nzima asitoke uwanjani.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilikwenda shambani kwa mpwa wangu, nikamkuta anachimba viazi. Nilimweleza habari ya simu. Hakuacha jembe. Alisema, "Muulize mtoto mwenyewe, mjomba. Mimi hakuna aliyeniuliza." Nilibaki nimesimama kwenye tuta kama mwanafunzi aliyechelewa.

Nilimuuliza binti. Alinitazama, jambo ambalo mama yake hakuthubutu kulifanya mwaka ule, akasema anataka kurudia mtihani, na ikishindikana ajifunze ushonaji. Jioni nikampigia kijana simu. Nilimwambia atafute mtu mzima anayeitaka kazi hiyo, wapatane ujira na siku ya kupumzika. Tena nikamwambia kwamba ana deni kwa dada yake, na kwamba ada ya mtihani ya binti ingekuwa mwanzo mzuri wa kulilipa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, umebadilika."

Ada hiyo bado hajaituma. Deni langu mimi ni kubwa kuliko lake, nami sijui nitalilipa kwa nini, maana miaka ya mtu hairudishwi. Juma hili nimeuza magunia mawili ya viazi, nikampelekea binti fedha za kujiandikisha. Mama yake alizipokea, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Hakusema ahsante, nami sikuitazamia.