Kosa Lililotendeka Usiku

Miongoni mwa maswali niliyokuwa nikiwauliza wanachuo wangu katika somo la malezi, liko moja ambalo mimi mwenyewe sikulijibu kwa dhati. Swali lenyewe ni hili: mtoto akituhumiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona likitendeka, ni juu ya nani kuthibitisha? Darasani tulilimaliza upesi. Katiba yetu, tangu sura ya haki za binadamu ilipoingizwa humo mwaka 1984, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika, nasi tukasema kwamba limfaalo mtu mzima mahakamani lamfaa na mtoto shuleni. Wanachuo wakaandika, kengele ikalia, tukaenda kunywa uji. Sasa nina miaka sabini na minne, na kilichonirudisha kwenye swali lile ni kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni ile ndogo inayofungwa kama kitabu, ambayo wataalamu wa lugha wanatutaka tuiite mpakato. (Zamani tuliambiwa kompyuta ni ngamizi, wengine wakasema tarakilishi. Watu wakasikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kusema kompyuta.) Wanangu waliniletea ili niandike kumbukumbu za kazi yangu. Usiku nikichoka nilikuwa nafunika tu mfuniko wake bila kuizima, nayo ikalala, na asubuhi nikiifunua naikuta sentensi yangu pale pale nilipoiacha. Siku moja niliifunua ikaanza upya kama iliyotoka dukani, na kurasa nne za jioni hazikuwepo. Baada ya siku chache ikawa vile vile. Mara ya tatu nilipoteza kurasa sita juu ya kisa cha mwaka 1991, kisa ambacho nilikuwa nimejikaza sana hata nikathubutu kukiandika.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mke wangu, na mjukuu wetu aliye kidato cha tatu. Mke wangu haigusi mashine ile, anasema inamuumiza macho. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi mno. Nilimwita kijana mbele ya bibi yake nikamwambia kwamba huamka usiku, huchezea kompyuta yangu, kisha huizima ili nisijue. Akasema, "Babu, sijaigusa." Nikamwambia kwamba kudanganya ni kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Msomaji anajua kwamba kati ya babu na mjukuu kuna utani. Kijana huyu humwita bibi yake mke wake, nami hunitishia kwamba siku nikifa atairithi nyumba na mwenye nyumba. Tangu jioni ile utani ulikoma. Alinisalimu shikamoo asubuhi na jioni, akajibu alichoulizwa, basi. Nami nikachukua ukimya ule kuwa ni dalili ya hatia.

Baada ya juma moja alinijia na neno. "Babu, ifungie kabatini kwako, funguo ulale nao." Nikafanya hivyo kwa usiku mbili. Usiku wa pili ikafa tena, ndani ya kabati, ufunguo ukiwa chini ya mto wangu. Sikumwambia kitu. Nilifunga kompyuta ndani ya mkoba nikapanda daladala kwenda mjini kwa fundi.

Fundi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, amekaa kwenye kibanda chembamba kati ya muuza vitenge na kinyozi. Kwanza alinieleza usingizi wa kompyuta ni nini. Inapolala, karibu kila kitu ndani yake huzimwa, isipokuwa kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Hiyo huendelea kupewa umeme kidogo ili ishikilie kazi uliyoiacha. Umeme ule ukikatika, au ramu ikishindwa kushika, kila ambacho hukukihifadhi kwenye diski kimekwenda. Wazee husema usingizi ni nusu ya mauti, na kwa mashine hii ni kweli kuliko walivyodhani.

Kisha alifungua daftari la matukio. Sikujua kwamba kompyuta ina daftari kama lile la mlinzi wa getini, ambamo hujiandikia saa ya kulala na saa ya kuamka, kila tukio na namba yake. Akanionyesha usiku wa kabatini: tukio namba 42, mashine inaingia usingizini, saa nne na dakika arobaini usiku. Chini yake tukio namba 41, mashine imewaka bila kuwa imezimwa ipasavyo, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, yaani pale nilipoifunua mimi mwenyewe. Kati ya mistari hiyo miwili hapakuwa na kitu. Akarudi nyuma hadi usiku wa zile kurasa sita. Mpangilio ulikuwa ule ule. "Mzee, kama mtu angeiwasha usiku, ingeandika," akasema, ingawa sikuwa nimemwambia habari za mjukuu wangu.

Nikamwuliza kama ile namba 41 inasema sababu. Akacheka. Haisemi. Mashine haijui imekufaje. Ikiwaka tena hukuta haikuagana na dunia vizuri, ndipo huandika. Kwa hiyo sababu ilibidi itafutwe, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo vyuo vingi vingelilipia ada.

Alianza na betri, maana ilikuwa mbovu dhahiri: ripoti ya mashine yenyewe ilionyesha kwamba ikijaa hubeba chini ya nusu ya kile ilichoundwa kubeba. Mimi nilikuwa tayari kulipia betri mpya na kwenda zangu. Yeye akakataa. Akailaza usiku kucha ikiwa kwenye chaja, umeme haukukatika, na asubuhi ikawa imekufa. "Betri ni mgonjwa," akasema, "lakini siyo mwizi." Akabadilisha programu zinazoendesha vifaa vya ndani, akailaza, ikafa. Akaipima ramu mchana kutwa kwa programu ya majaribio, ikafaulu bila kosa hata moja. Ndipo akaamua kufanya jambo la subira. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya ramu. Akatoa kimoja, akailaza usiku tano, maana, alisema, ugonjwa unaokuja na kuondoka hauthibitiki kupona kwa usiku mmoja. Haikufa. Akatoa kile cha kwanza, akarudisha kile alichokitoa, kikiwa peke yake. Usiku wa pili ikafa.

John Stuart Mill aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843: hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Nimeifundisha miaka mingi ubaoni. Kijana yule hajamsikia Mill, lakini alikuwa akiitenda, na mimi niliyekuwa naifundisha sikuitenda nyumbani kwangu.

Nilimwuliza imekuwaje kijiti kikafaulu mtihani wa mchana. Akanijibu kwamba mashine ikiwa macho, kuna kifaa kingine kinachoikumbusha ramu kila wakati ishike ilichonacho, ila usingizini ramu hujikumbusha yenyewe, na hiki kilishindwa hapo. Nilinyamaza.

Sasa nieleze kisa cha 1991. Katika chuo nilichokuwa nikikiongoza, duka la wanachuo lilipotelewa na shilingi 18,000. Mwanachuo wa mwaka wa pili ndiye aliyeshika ufunguo wa kisanduku. Faili lake lilikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa kurudi likizo, na nakumbuka kwamba tulizisoma kwa sauti kikaoni, kana kwamba achelewaye ni ndugu wa aibaye. Kikao hakikufika saa moja. Alipoulizwa ana la kusema, hakusema. Miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho nikasaini barua ya kumfukuza. Ufunguo wa pili ulikuwa ofisini kwangu, kwenye mtoto wa meza usiofungwa. Hakuna aliyeutaja, wala mimi.

Hapa ndipo kisa changu kinapoachana na cha kompyuta. Sidai kwamba yule kijana hakuiba. Huenda aliiba. Duka lile halikuwa na daftari linaloandika nani alifungua saa ngapi, na kikao hakiwezi kurudiwa kwa kutoa kijiti kimoja na kuacha kingine. Nilichokuwa nacho ni hesabu ile ile nyepesi niliyomfanyia mjukuu wangu: hakuna mwingine, basi ni yeye. Kwa mjukuu wangu ilikuwa uongo. Kwa yule mwingine sijui, na nilimwondolea kazi ya maisha bila kujua.

Niliporudi nyumbani nilimwita kijana mbele ya bibi yake, pale pale nilipomtuhumu, nikamwambia nilikosa na naomba anisamehe. Katika kizazi changu mzee hamwombi mtoto radhi. Humnunulia soda, na mtoto huelewa. Nilifikiria soda. Lakini nilikuwa nimemtuhumu kwa maneno. Aliinamisha kichwa akasema yamekwisha. Kisha, akichezea kitasa cha mlango, akasema, "Lakini babu, hata mimi nilifika mahali nikaanza kujiuliza, labda niliigusa nikasahau."

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nikiufikiria ukimya wa kikao cha 1991.

Mwanachuo mwenzake wa zamani amenipatia namba ya simu ya mtu yule. Analima, ana wajukuu. Barua nimeiandika mara mbili, kwa kuwa simu naiogopa. Ya kwanza ilijaa maelezo ya taratibu za chuo nikaifuta. Ya pili ina mistari minane, na wa tatu unahusu ule ufunguo wa ofisini kwangu. Imehifadhiwa kwenye diski. Bado sijaituma.