Ajali na Kudra: Nasaha kwa Wenye Kushika Usukani

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia wanadamu vipando vya bara na vya bahari. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Wasomaji wetu wamezoea kutuona tukiandika juu ya sala, na mirathi, na bidaa za mazishini. Leo tutaandika juu ya motokaa. Asitucheke mtu kwa hilo. Dini yetu haikuacha kumfundisha mtu hata adabu ya kukaa kando ya njia. Na jambo ambalo kila mwaka huwaua watu zaidi ya 4,000 katika nchi yetu ya Kenya, na waendao kwa miguu wakiwa ndilo kundi kubwa kuliko mengine kati yao, si jambo la kuachiwa polisi peke yao. Tena tunayo sababu yetu wenyewe ya kuandika, nayo ni hii tutakayoieleza.

Sisi tulijifunza kuendesha motokaa tukiwa tumekwisha kupita miaka arobaini. Mpaka hapo tulikuwa abiria wa matatu na watembea kwa miguu kama walivyo watu wengi wa Kibera na Kawangware. Ndugu mmoja alituachia motokaa yake kuukuu ili tuweze kuzifikia darasa zetu za usiku bila ya taabu. Tukaingia chuo, tukafundishwa, tukatahiniwa. Hapo katikati alitujia mtu akatunong'oneza kwamba leseni hupatikana hata bila ya mtihani, mradi tutoe kitu kidogo. Tulikataa kwa kuwa rushwa ni haramu. Baada ya siku chache barabarani tulijua kwamba uharamu wake una sababu nyingine tusiyoifikiri: mwenye kununua leseni huenda akawa amenunua kifo cha mtu asiyemjua.

Siku zetu za kwanza zilikuwa siku za hofu, wala hatuoni haya kusema hivyo. Mara moja tulikuwa tukipanda mlima kutoka upande wa mtoni kuja Makina. Gari likazima, likaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu ilikuwako bodaboda iliyompakia mama na mtoto mgongoni. Mikono ikatutetema, klachi, na breki ya mkono, na yote tuliyofundishwa yakaturuka kichwani kama ndege walioshtuliwa mtini. Kijana mmoja wa mkokoteni ndiye aliyekimbia akatia jiwe chini ya gurudumu. Tumesomesha miaka mingi kwamba kuondoa kitu cha kuudhi njiani ni katika sehemu za imani. Siku hiyo tulimshukuru Mungu kwa mtu aliyelitia jiwe njiani. Hatukulijua jina lake, lakini kila tukipita pale twamuombea.

Mara ya pili ilikuwa Kawangware, katika msongamano wa jioni. Tulitaka kukanyaga breki, mguu ukakanyaga mafuta. Gari likaruka likaipiga meza ya nyanya, na mwenye meza akawahi kujitupa kando. Tuliilipa meza na nyanya zote, na hata leo twaona kwamba ni bei rahisi kuliko zote tulizopata kulipa.

Lakini ya tatu ndiyo iliyotukalisha kuandika. Tulikuwa tumeanza kujiona hodari. Hofu ilikuwa imeondoka, na mahali pake pameingia kiburi kidogo kidogo, mwenyewe bila ya kujua. Tulikuwa tukirudi nyumbani karibu na Magharibi, na adhana ikatukuta njiani. Tukasema: tukikaza mwendo tutaiwahi jamaa. Tukakaza mwendo. Ilikuwa ni ile saa ambayo watoto wanatoka madarasani na vyuoni, na wauzaji wanawasha taa zao kando ya njia. Baina ya matatu mbili zilizosimama akatoka mtoto wa kiasi cha miaka sita, juzuu yake kifuani, naye akikimbia. Tulikanyaga breki kwa nguvu zetu zote. Gari lilipiga ukelele, likasimama. Baina yake na yule mtoto palibaki kadiri ya mkono mmoja. Yeye aliangusha juzuu yake, akasimama akitutazama, wala hakulia.

Watu wakakusanyika. Walipotutambua, ghadhabu zao zikapoa. Huyu akasema, Alhamdulillahi sheikh, ni kudra. Yule akasema, ajali haina kinga. Bibi yake yule mtoto, mzee wa Kinubi tunayemheshimu, alikuja akamshika mkono mjukuu wake, naye akatuambia tusijitie simanzi, lililoandikwa ndilo huwa. Wakatusamehe wote, wakatufungulia njia. Na sisi, Mungu atughufirie, tulitaka sana kulipokea neno lile. Lilikuwa neno tamu. Lilituondolea mzigo wote tukawa kama mtu aliyepigwa na radi, asiyeulizwa lolote.

Usiku ule hatukulala. Tulikumbuka kwamba neno lile lile sisi wenyewe tuliwahi kulisema juu ya kaburi. Kijana wa matatu alimgonga mzee wa watu akafa, na kila mtu alijua kwamba kijana yule alikuwa akishindana na mwenziwe kuwahi abiria. Sisi tukasimama mazishini tukawaambia wafiwa: subirini, ni amri ya Mungu, ajali haina kinga. Tuliwapa subira, na hilo lilikuwa haki yao. Lakini dereva yule alikuwako pale, amesimama nyuma, na yeye tulimpa nini? Tulimpa ruhusa ya kurudi kwenye usukani wake kama alivyokuwa. Leo twalirudisha neno lile mbele ya wasomaji wetu. Tulilitia neno la haki mahali pasipo pake.

Kwani kudra ni haki, na asiyeiamini hana imani. Lakini kuamini kudra si kuifanya kuwa kisingizio cha uzembe. Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Sham akapata habari kwamba tauni imeingia huko, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kudra ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kudra ya Mungu kwenda kwenye kudra yake nyingine. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru kisha ategemee, alimwamrisha amfunge kwanza ndipo ategemee. Basi breki nzima ni katika kudra, na mwendo wa pole ni katika kudra, na mkanda kifuani ni katika kudra. Aliyeandika mauti ndiye aliyeandika na sababu za kuokoka, naye ametukataza tusijitie wenyewe katika maangamizo.

Tazameni namna mambo haya yalivyopimwa. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 katika sekunde moja. Jicho humwona mtoto. Mpaka akili ifahamu na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja imekwisha kupita na mita 14 zimekwenda bila ya gari kupunguza lolote. Kisha breki nazo zahitaji mita zao, takriban kadiri hiyo hiyo, na barabara ikiwa na maji zahitaji zaidi. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, mita za breki haziwi mara mbili bali huwa mara nne. Hii ni sunna ya Mwenyezi Mungu katika maumbile, haibadiliki kwa sheikh wala kwa mlevi, kwa aendaye kwenye dansi wala kwa aendaye msikitini. Sisi tulikuwa tukienda msikitini, na ile sunna haikutupunguzia hata mita moja.

Tena aibu yetu ni kubwa zaidi, kwa kuwa tulijua. Mtume (S.A.W.) amewafundisha umati wake kwamba ikisikika ikama wasiende mbio, bali waende kwa utulivu, watakachokidiriki wakisali, na kilichowapita wakitimize. Aliyekatazwa kukimbia kwa miguu yake miwili kuiendea sala, itakuwaje aikimbilie kwa chuma chenye uzito wa ngamia wawili? Na siku aliyoondoka Arafa, aliposikia nyuma yake makelele na watu wakiwapiga ngamia wao, aliwaashiria watulie, akawajulisha kwamba wema haumo katika kwenda mbio. Yeye mwenyewe alikuwa akimzuia ngamia wake kwa hatamu penye watu wengi, akaongeza mwendo alipopata uwazi. Na katika safari moja, Anjasha alipokuwa akiwaharakisha ngamia waliopanda wanawake, Mtume alimwambia afanye pole, akiwafananisha na vyombo vya kioo. Twaomba kila dereva wa matatu ayakumbuke maneno haya: nyuma yako umepakia vioo.

Sasa tutaje hukumu, maana wengi hawaijui. Mwenye kumuua mtu kwa makosa, pasipo kukusudia, sheria haikumwacha hivi hivi. Yampasa kafara, nayo kwa zama hizi ambazo watumwa hawako ni kufunga miezi miwili mfululizo. Na wafiwa wana haki ya diya ila wakisamehe. Wangapi katika madereva wetu wamepata kuua kisha wakafunga miezi hiyo? Nasi maulamaa, wangapi tumepata kuwaambia? Na mwaka 1993 jopo la fikihi la nchi za Kiislamu lilipokutana Brunei, liliamua kwamba kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya dini ni wajibu, na kwamba dereva ana dhamana ya madhara anayoyaleta kwa gari lake. Kwa hiyo kiasi cha kilomita 50 kilichowekwa kwa miji yetu si amri ya serikali tu unayoitii ukimwona askari na kuivunja akigeuka. Ni amana. Askari hugeuka, na Mola wako hageuki.

Wapo nao walioiacha breki wakategemea hirizi. Mtu hununua gari, akalichinjia kuku na kuyapaka damu magurudumu, akaning'iniza azima kwenye kioo, kisha matairi yake ni kipara na taa moja haiwaki. Likipinduka husema kuna jini pale penye kona. Ewe ndugu, jini la kona ile ni mwendo wako! Dua ya kupanda chombo ni sunna, isome, na maana yake ni kwamba bila ya Mungu tusingekiweza chombo hiki. Aisomaye akiifahamu haendi kwa kiburi. Huikumbuka hata mwisho wake, kuwa sisi kwa Mola wetu tutarejea, asije akajifanya yeye wa kuchagua siku ya wenzake kurejea.

Na mji wetu huu wahitaji upole kuliko mingine. Kibera walipewa askari wa Kinubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati ambapo motokaa zilikuwa chache mno. Njia zake zilikuwa njia za miguu, na watu wake hata leo huenda kwa miguu kwa maelfu, alfajiri na jioni, wengi bila ya kando pa kupitia. Barabara ni ua wa nyumba zao. Ni soko lao na uwanja wa watoto wao. Mwenye gari ndiye mgeni aliyeingia, na mgeni hubisha hodi.

Tena twawausia vijana waliopata leseni juzi, na wale wa bodaboda: msiionee haya hofu yenu. Hofu ya mwanzo ni ukumbusho, na siku itakayoondoka yote ndiyo siku ya kuogopa. Nanyi abiria, mnaponyamaza dereva akienda mbio kwa sababu nanyi mwataka kuwahi, mnashirikiana naye. Mwambieni kwa upole, na asiposikia shukeni. Na wazee wa mazishini, wapeni wafiwa subira, lakini mwiteni dereva kando mumwambie haki yake na dhambi yake.

Ama sisi, siku ya pili yake tulikwenda nyumbani kwa yule bibi. Tukamwambia kwamba jana alitusamehe kwa jambo lisilokuwa letu, nasi tumekuja kuomba msamaha kwa lililo letu, kwani tulikuwa tukienda mbio. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akatuambia kwamba mtoto usiku alishtuka mara mbili usingizini. Hapo ndipo alipotusamehe, na msamaha ule ulikuwa na uzito, maana alikuwa anajua anachokisamehe. Tangu hapo adhana ikitukuta njiani twaenda mwendo wetu ule ule, na mara nyingi twapitwa na rakaa. Twaisimama twaitimiza peke yetu, nyuma ya watu, tukiwaona watoto wa chuo wameshika juzuu zao mlangoni.

Mwenyezi Mungu atupe utulivu wa nyoyo na wa miguu, awarehemu waliotangulia kwa ajali katika barabara zetu, awape subira jamaa zao, na awaamshe waliowaua wapate kutubu na kutimiza yawapasayo. Amin.