Kijiti cha Kupimia Mguu

Mteja mkubwa wa viatu ni yule anayetembea peku. Ndugu watatu wa familia ya Bata walianza kushona viatu mjini Zlín, katika Cheki ya leo, mwaka 1894. Mwaka 1922 fedha ilipoadimika, Tomáš Bata akakata bei kwa nusu, na ukoo ukazidi kufungua maduka, mpaka Afrika Mashariki yakafika. Huku Tandahimba, kusini mwa Tanzania, malipo ya korosho yakiingia, raba haikosi mnunuzi hata bei ikipaa. Haya, msimu ni msimu. Mimi namtazama mama wa mwezi Machi, msimu ukiwa umekwisha: kandambili yake imefungwa waya, mkononi ana kijiti alichopimia mguu wa mwanawe. Anakitumbukiza ndani ya kiatu, kinaenea. Anauliza bei, anakichomoa.