Cheti Bila Chanjo: Je, Ni Karatasi Tu?

Ndugu zetu Waislamu, liko suala moja linalostahili kujibiwa waziwazi, kwani watu wengi wamelichukulia kwa wepesi. Mtu ataka kusafiri, na nchi aendayo yamtaka aonyeshe cheti cha chanjo. Naye, kwa haraka au kwa kuogopa sindano, hununua cheti kilichokwisha pigwa muhuri, ilhali mkono wake haukuguswa. Akiulizwa hujibu: "Sikumwibia mtu. Hii ni karatasi tu." Je, ni karatasi tu?

Kwanza na tujue cheti hicho ni nini. Dereva atokaye bandari ya Mombasa na lori lake, akapita Nakuru, akapanda Sachangwan na kuendelea mpaka Malaba, hutakiwa aingiapo Uganda awe na cheti cha homa ya manjano. Homa hiyo huenezwa na mbu, wala haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mgonjwa hutunzwa tu mpaka Mungu amjaalie kupona. Lakini sindano moja ya chanjo yatosha kuikinga, na tangu mwezi wa Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Na huyu aendaye Hija hutakiwa na Saudia achanjwe homa ya uti wa mgongo, si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Cha homa ya manjano nacho hakifai ila zikisha pita siku 10. Siku hizo hazikuwekwa kumsumbua msafiri. Zimewekwa kwa kuwa mwili wahitaji muda wa kujijengea kinga.

Basi hapa ndipo yaonekanapo makosa ya mwenye kusema "karatasi tu". Karatasi hii yaeleza jambo lililotendeka katika mwili wa mtu. Ni ushahidi. Tabibu ashuhudia kwa muhuri wake, na mwenye kukitoa cheti mpakani ashuhudia pamoja naye. Na nani kati yetu asiyejua kuwa ushahidi wa uongo umehesabiwa na Mtume s.a.w. katika madhambi makubwa?

Atasema: "Nikiugua nitaugua mimi, nafsi ni yangu." Neno hili lingekuwa na uzito lau maradhi yangekaa kwa mwenyewe. Mwaka 2000, baada ya Hija, homa ya uti wa mgongo ilizuka katika nchi nyingi, Uingereza na Ufaransa zikiwamo. Na katika waliougua walikuwamo watu ambao hawakwenda Makka, bali waliishi na waliorudi. Mwaka 2016 homa ya manjano ilipoenea Angola, wasafiri wawili walirudi nayo Kenya. Na Bonde la Ufa laijua homa hiyo, kwani mwaka 1992 na 1993 iliwapata watu wa Baringo na bonde la Kerio. Mbu akimuuma mgonjwa humpelekea jirani, wala hamuulizi jirani kama alisafiri.

Kwa kuwa tumeitaja Sachangwan, na tukumbuke msiba wake. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakaja kuchota, moto ukazuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hatuwataji marehemu hao kwa kuwalaumu. Ufukara huwapeleka watu pabaya, na Mungu ndiye ajuaye hali zao. Twataka kuonyesha hivi tu: mtu huhesabu dumu lake peke yake, ilhali hatari ni ya wote.

Wako na wasemao kuwa kuchanjwa ni kupungukiwa na tawakkul. La! Sayyidna Umar alipokaribia Sham akaambiwa kuna tauni, aliwarudisha watu. Alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Je, sisi tuna tawakkul kumshinda Umar? Na ajabu ni kuwa mwenye kununua cheti hakumtegemea Mungu wala tabibu. Amemtegemea mwuza mihuri.

Imebaki mas'ala moja iliyo nzito zaidi. Mtu alichanjwa kweli, kadi ikampotea, na safari ni kesho. Je, aweza kununua kadi ya uongo, ilhali mwili wake una kinga? Twasema: mwili wake ni mkweli, lakini ushahidi wake si mkweli, kwani muhuri wadai kuwa tabibu fulani aliona asichokiona. Tena fedha yake ndiyo ilishayo soko lile lile linalomwuzia asiyechanjwa. Njia yake ni kurudi kituo alichochanjiwa, aandikiwe nyengine kutoka katika daftari. Na mtu ambaye sindano yaweza kumdhuru, kwa ugonjwa au uzee, tabibu humwandikia barua ya udhuru. Ukweli haukumfungia mtu mlango.

Lakini lawama hatumtwiki msafiri peke yake. Mtumishi afichaye chanjo ili auze muhuri dhambi yake ni kubwa zaidi, kwani amekula amana na kuuza uhai wa watu. Na tajiri wa malori ampaye dereva safari ya ghafula, bila ya kumpa siku wala gharama ya chanjo, naye ana fungu lake. Vilevile wenye kuongoza mahujaji: yawapasa kuwakumbusha watu mapema, na kumsaidia asiye na uwezo. Haifai mtu aianze ibada kwa uongo, kisha aombe ikubaliwe.

Basi mwenye nia ya safari na aende kituoni kabla ya kukata tiketi, asome kilichoandikwa katika kadi yake, na aihifadhi kama ahifadhivyo pasi. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie afya katika miili yetu na ukweli katika ndimi zetu. Amin.