Nani Amekuambia?



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada,

Kila Jumamosi ninasaidia kufundisha watoto katika madrasa ya msikiti wa mtaani kwetu. Siku moja nilikuwa nikiwasimulia kisa cha Nabii Yunus (a.s.), ulimi ukateleza, nikasema kuwa aliyemezwa na samaki ni Nabii Yusuf (a.s.). Mtoto mmoja wa miaka kama mitano akainua mkono. "Ustadhi, nani amekuambia? Yusuf alitupwa kisimani!" Darasa zima likacheka, nami nikacheka, nikajisahihisha. Lakini tangu siku hiyo, kila nikitaja jina la Mtume yeyote, mtoto yule humgeukia kwanza ustadhi mkubwa kuona kama anatikisa kichwa kukubali.

Muhula huohuo nilipewa zamu ya kutoa darsa fupi baada ya sala ya Isha. Muda ulikuwa mdogo, mitihani imekaribia. Nikaiomba programu moja ya akili bandia initafutie hadithi kuhusu subira. Kwa sekunde chache ikanipa maneno mazuri sana, jina la sahaba aliyepokea, jina la kitabu na namba ya hadithi. Nikasimama mbele ya ndugu zangu nikayasoma. Baada ya darsa, mwenzetu mmoja akaniuliza kwa upole hadithi ile iko katika mlango gani, apate kuihifadhi. Nilikwenda maktaba. Namba ile ilikuwa ya hadithi nyingine kabisa, na maneno yale sikuyaona popote.

Nyote mnajua onyo la Mtume (s.a.w.) kwa anayemzulia uongo kwa makusudi. Mimi sikukusudia. Lakini pia sikuuliza. Wiki iliyofuata nilirudi mbele ya watu walewale nikasema nilikosea, na njia nzima nilikuwa nikisikia sauti ya yule mtoto: nani amekuambia?

Tangu mwanzo, watu wanaounda mashine hizi wamekuwa wakizilinganisha na watoto. Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliandika kuwa badala ya kutengeneza mashine yenye akili ya mtu mzima, pengine ni afadhali kutengeneza yenye akili ya mtoto, kisha kuifundisha. Leo mashine zinatafsiri, zinakokotoa na kufupisha vitabu kwa kasi ambayo mtu mzima haiwezi, sembuse mtoto. Hilo tusilikatae. Uislamu haututaki tudharau chombo chenye manufaa.

Hata hivyo tazama njia ya kila mmoja. Mfumo wa GPT-3, uliotoka mwaka 2020, ulifunzwa kwa vipande vya maneno vipatavyo bilioni 300. Mtoto anayekaribia kubaleghe hukadiriwa kuwa amesikia maneno kama milioni 100 tu katika maisha yake yote. Kwa kiasi hicho kidogo anaongea, anatania, anaomba radhi, na anamshika mwalimu wake anapokosea.

Na kuna jambo kubwa zaidi ya wingi. Mwaka 2004 watafiti Melissa Koenig, Fabrice Clément na Paul Harris walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu na minne. Watoto waliwasikiliza watu wawili: mmoja akivitaja vitu vinavyojulikana kwa majina yake ya kweli, mwingine akivitaja kwa majina yasiyo yake. Kisha wawili hao wakapewa kitu kigeni, kila mmoja akakipa jina lake. Watoto waliotambua nani alikosea mwanzoni walielekea kumwamini yule aliyesema kweli.

Sisi tunaosoma elimu ya hadithi, je, hatuitambui kazi hii? Mtoto wa miaka minne, asiyejua kusoma, anampima mpokezi. Muhammad ibn Sirin, aliyefariki mwaka 110 Hijria, alieleza kuwa watu hawakuwa wakiulizia isnadi mpaka ilipotokea fitna. Hapo wakaanza kutaka kujua majina ya wapokezi. Maulamaa wakatumia umri wao wote kuchunguza nani mkweli, nani msahaulifu, nani alikutana na nani. Mbegu ya kazi ile Mwenyezi Mungu ameiweka ndani ya mtoto mdogo.

Programu niliyoitegemea mimi ilifanya kazi nyingine. Ilipanga maneno yanayoelekea kufuatana, kwa kadiri ilivyozoeshwa. Nilipoomba hadithi, ilitunga kitu chenye sura ya hadithi, na namba juu yake. Haikuwa na mwalimu iliyemsikia wala haya ya kukosea. Wala haikusema haijui. Imepokewa kuwa Imam Malik aliulizwa masuala 48, na katika 32 kati ya hayo akajibu kuwa hajui. Huyo ndiye mwanachuoni wa Madina!

Ndugu zangu, Suratun Nahl aya ya 78 inatukumbusha kuwa tulitoka matumboni mwa mama zetu bila kujua lolote, tukapewa masikio, macho na nyoyo. Kisha soma Suratul Israa aya ya 36. Inatukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, na inataja vitu vilevile vitatu, masikio, macho na moyo, kuwa vitaulizwa. Tulivyopewa tukiwa wachanga ndivyo tutakavyohojiwa navyo tukiwa wakubwa.

Mtoto kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Mashine haijawahi kuandikiwa thawabu wala dhambi, na haitasimama Siku ya Kiama. Anayebaki ni wewe na mimi. Unapoipa mashine kazi yako ya darasani iiandike yote, kisha ukaweka jina lako juu, usidhani jukumu limehama. Unapotuma "hadithi" katika kundi la simu bila kujua imetoka wapi, anayeandikiwa ni mtumaji.

Nausia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi. Itumie mashine kama unavyomtumia mtu usiyemjua aliyekuelekeza njia: sikiliza, kisha ulizia mbele. Hadithi yoyote ifungulie kitabu chake. Lililokushinda mpelekee mwalimu. Na usione aibu kusema "Allahu a'lam", kwani ni neno lililowapamba wakubwa kuliko sisi.

Na tukiambiwa jambo, hata likiwa tamu kiasi gani, tusipungukiwe na kile alichokuwa nacho yule mtoto wa madrasa. Tuulize: nani amekuambia?

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, tusamehe tuliyoyasema bila ya elimu, na uwalinde watoto wetu na sisi tunaowafundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.